Angani tuna jina, kwenye hesabu hatumo

Kuna vitu huko angani vina herufi U kwenye majina yao, na hiyo U ni ya Uhuru. Uhuru hii hii yetu, neno la Kiswahili. Chukua 4U 1700-37. Maana yake ni kwamba kitu hicho kimo kwenye orodha ya nne ya Uhuru, orodha iliyotoka mwaka 1978 ikiwa na vyanzo 339 vya eksirei kutoka angani. Mpaka leo mwanasayansi wa Japani au wa Marekani akitaka kuandika kuhusu kitu hicho, anaandika hiyo U.

Sasa hebu muulize kijana yeyote hapa Kibokoni au Makadara kama analijua hilo. Mie nimepita shule ya msingi, sekondari, na chuo mpaka nilipoacha mwaka wa pili karo iliponishinda, na sikuwahi kusikia mtu akilitaja darasani.

Rai yangu leo ni hii: Pwani ilitoa bahari, ikatoa na jina, lakini kazi ya kuusoma mwanga ikafanywa kwengine. Na kazi hiyo ndo yenye uzito. Leo iko wazi kwa yeyote mwenye macho, daftari na bando kidogo, kwa hivyo sioni kwa nini tuendelee kukaa nje tukipiga makofi.

Kwanza kisa chenyewe, manake wengi watadhani nimekitunga.

Tarehe 12 Desemba 1970, roketi aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la Waitaliano liitwalo San Marco, lililosimama baharini karibu na Ngomeni. Si Ngomeni hii ya Fort Jesus, ni ile ya kule kaskazini ya Malindi. Ilibeba setilaiti ya NASA, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu ya kutafuta eksirei za angani. Siku ile Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru, na Marjorie Townsend, mama aliyesimamia mradi huo NASA, akapendekeza iitwe Uhuru. Jina likakaa.

Kwa nini huku kwetu? Kwa sababu tuko karibu na ikweta. Roketi ikirukia hapa inapata msukumo mkubwa wa dunia inavyozunguka, na setilaiti ikizunguka juu ya ikweta inakwepa sehemu kubwa ya mionzi inayosumbua vyombo vyake. Na kwa nini setilaiti? Kwa sababu eksirei za nyota hazifiki ardhini, hewa inazizuia. Lazima utoke nje ya hewa ndo uzione.

Uhuru ilipofika juu ikagundua jambo kuhusu kitu kinachoitwa Centaurus X-3. Kilikuwa kinapiga kama moyo, pigo moja kila sekunde 4.8. Halafu kinanyamaza. Kimya karibu nusu siku. Halafu kinarudi. Kila baada ya siku 2 na saa 2 hivi, kimya kile kile, bila kukosa.

Jibu likawa ni nyota mbili. Moja ni kubwa, ya buluu, nzito mara nyingi kuliko jua letu. Nyengine ni nyota ya nyutroni, mabaki madogo mno yaliyokandamana, inayonyonya gesi ya mwenzake na kuwaka eksirei. Ile ndogo ikipita nyuma ya kubwa, inafunikwa. Ushahidi mwengine ukawa kwenye yale mapigo: yalikazana nyota ilipokuja upande wetu na yakalegea ilipokwenda zake, vile vile honi ya bodaboda inavyobadilika sauti inapokupita. Riccardo Giacconi, aliyeongoza timu ile ya wanasayansi, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002 kwa kazi yake ya eksirei za angani.

Roketi iliruka kwetu. Namba zikashuka, zikasomwa Marekani.

Hapo kuna mtu atasema, "Sasa sisi 1970 tungefanya nini?" Sawa, sibishani na 1970. Nabishana na leo. Na ili mnielewe, lazima niseme hii kazi ya kusoma mwanga ni kitu gani, kwa sababu watu wanadhani ni uchawi wa wenye digrii tatu.

Fikiria wavuvi wawili usiku, mbali baharini. Mmoja ana karabai, taa kali. Mwengine ana kibatari. Wewe uko ufukweni, mbali sana, huoni watu wala vyombo, waona nukta moja ya mwanga. Wanazungukana. Chombo cha kibatari kikipita mbele ya karabai, mwanga unashuka sana. Karabai likipita mbele ya kibatari, mwanga unashuka kidogo tu, pengine usitambue. Vikiwa ubavu kwa ubavu, wapata mwanga wote.

Sasa kaa na daftari, andika kila baada ya nusu saa mwanga ulivyo, uchore. Mchoro wako utakuwa na bonde refu, kisha bonde dogo, kisha bonde refu. Umbali kati ya bonde refu na jengine unakwambia mzunguko unachukua muda gani. Muda wa bonde unakupa fununu ya ukubwa wa vyombo. Tofauti ya kina cha mabonde inakwambia taa ipi ni kali zaidi. Hujapanda mtumbwi, hujamuuliza mtu, na ushajua mambo ya watu wawili ambao hutawaona maisha yako yote.

Ndo hivo tu. Nyota pacha zinazofunikana zinasomwa hivo hivo. Ukiongeza uchambuzi wa rangi za mwanga wake, unapata mpaka uzito wa kila nyota. Jambo hilo la uzito ni kubwa kuliko mnavyodhani. Nyota huwezi kuitia kwenye mizani. Nyingi ya zile ambazo uzito wake tunaujua vizuri, tumeujua kupitia pacha kama hizi.

Iliyo maarufu kuliko zote ina jina ambalo wazee wetu wa madrasa watalitambua mara moja: Algol. Limetokana na Kiarabu, ra's al-ghul, kichwa cha ghuli, yaani kichwa cha zimwi. Hiyo ra's ni mama mmoja na rasi yetu ya Kiswahili. Kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika 49, Algol inafifia mpaka inabaki na kama thuluthi moja ya mwanga wake, kisha inarudi. Kushuka na kupanda kunachukua kama saa kumi, wastani wa usiku mmoja. Haihitaji darubini.

Na aliyeifanyia hesabu hiyo ni nani? Kijana wa miaka 18 mjini York, Uingereza, aitwaye John Goodricke. Alikuwa kiziwi tangu utotoni. Alianza kuiangalia Algol mwishoni mwa 1782, akiwa na jirani na rafiki yake Edward Pigott, na mwaka uliofuata akapeleka maelezo yake London kwa Royal Society. Akasema pengine kuna kitu cheusi kinaizunguka na kupita mbele yake. Wakampa Medali ya Copley, tuzo yao kubwa, mwaka 1783, hajafika miaka ishirini. Alifariki 1786, ana miaka 21. Ukweli wa jibu lake ulithibitishwa 1889, pale Mjerumani Hermann Vogel alipochambua rangi za mwanga wa Algol. Yaani zaidi ya miaka mia moja baadaye.

Sileti kisa cha Goodricke kusema "acheni chuo". Hapana. Kuna kaka mmoja kwenye komenti hupenda kunisema kwamba nawapoteza watoto wa watu. Goodricke alisomeshwa vizuri na familia yake ilikuwa na uwezo. Na ukitaka kuelewa kwa nini nyota inanyonya mwenzake, utahitaji fizikia na hesabu za kweli, hakuna njia ya mkato. Ninachosema ni kwamba kuanza hakuhitaji ruhusa ya mtu. Kijana yule alikuwa na macho, saa, daftari na uvumilivu wa kurudi nje usiku baada ya usiku.

Sasa niende kwenye maneno ambayo nayajua yatakuja.

La kwanza: "Mji wa Kale watu wananunua maji ya mkokoteni, wewe watuletea nyota." Nakubali shida ya maji ni shida, na mie pia nanunua huo mtungi. Lakini hebu angalia kazi yenyewe. Unaandika kipimo kila siku, unatafuta kinachojirudia, unatofautisha badiliko la kweli na kosa la macho yako. Mtu mwenye tabia hiyo hadanganyiki kirahisi. Mtaa ulioandika siku na saa za maji kutoka kwa miezi sita hauendi ofisini na malalamiko, unaenda na mchoro. Tabia ni ile ile moja, na nyota ni mahali pa bure pa kujifunzia.

La pili: "Serikali ndo ifanye." Serikali inafanya kiasi chake. Kenya Space Agency ipo tangu 2017. Setilaiti ya Taifa-1 iliruka tarehe 15 Aprili 2023, nayo iliruka kutoka California. Nilicheka kidogo nilipolifikiria hilo. Mwaka 1970 chombo chao kiliruka kwetu, mwaka 2023 chombo chetu kikaruka kwao. Lakini mahali pa kurukia si hoja kubwa. Hoja ni nani anakaa chini kuzisoma namba zikishuka. Ukiwa na roketi na huna wasomaji wa namba, una fataki ya bei ghali.

Na la tatu, hili linaniuma zaidi: "Hayo ni ya wazungu." Kwa jina gani? La Algol lililotoka Uarabuni, au la Uhuru lililotoka huku? Mabaharia wa pwani hii walisafiri kwa nyota, na wakulima wetu walipanga misimu kwa Kilimia. Kutazama juu hatukufundishwa na mgeni. Tulichokosa kwa nyota kama Algol ni kuandika tulichokiona, tarehe kwa tarehe, ili mwengine akitumie.

Basi tuandike. Mwisho wa Desemba mpaka Januari, kaskazi ikishaingia na anga ikiwa safi, panda juu ya paa kama saa tatu usiku. Uelekee kaskazini, upande wa Nyali na Kisauni. Tafuta Kilimia, kile kifungu cha nyota ndogo ndogo kilichobanana. Shuka kutoka hapo kuelekea upeo wa macho, ukienda kushoto kidogo, kama nusu ya njia kutoka juu kabisa mpaka chini. Hapo kuna Algol. Kushoto kwake zaidi, kwa urefu unaokaribiana, kuna Almach. Chini yake, kulia kidogo, kuna Mirfak. Siku za kawaida Algol na Almach mwanga wao unakaribia kulingana. Usiku utakaoona Algol imeachwa mbali na Almach, umeikamata.

Andika saa. Tuseme ilikuwa chini kabisa saa tano usiku Jumatatu. Basi Alhamisi itakuwa chini saa moja na dakika 49 usiku, manake mzunguko wake unapungua siku tatu kwa saa 3 na dakika 11. Ukiitabiri mwenyewe, ukapanda juu, ukaikuta imefifia kweli, utanielewa kwa nini nimeandika maneno yote haya. Taa za mji zitakusumbua, hasa Algol ikishuka chini kabisa, lakini hata kutoiona kabisa ni jibu, mradi uandike.

Vipimo vyako visiishie kwenye simu. Kuna shirika la AAVSO, lipo tangu 1911, linapokea vipimo vya nyota zinazobadilika mwanga kutoka kwa watu wa kawaida dunia nzima, na wanasayansi wanavitumia. Na namba za setilaiti ya TESS, iliyorushwa 2018 kupima mwanga wa nyota, ziko bure kwenye intaneti. Zamani ulihitaji kuwa ndani ya chumba chao. Sasa unahitaji bando na kompyuta ya saiba.

Kila tarehe 12 Desemba naona mnapost bendera, na ni sawa, nami hupost. Mwaka huu naomba tuongeze kitu kimoja. Usiku wa wiki ile, mtu mmoja kutoka kila mtaa wa kisiwa hiki aanze kuandika mwanga wa Algol: tarehe, saa, inalingana na Almach au imeshuka. Bonde la Ponda, Mkanyageni, Kuze, popote. Nitumieni namba zenu, mie ntazichora zote kwenye mchoro mmoja na kuuweka hapa, mabonde yakitoka na yasipotoka.