Vibonzo vya Upelelezi na Kiburi cha Washairi

Nianze kwa kukiri kosa. Katika miaka ya 1980, nikiwa mwalimu kijana wa Kiswahili, niliwanyang'anya wanafunzi magazeti ya Sani nisiyoweza kuyahesabu, nikayachoma nyuma ya jiko la shule. Niliamini ninailinda lugha. Leo nikiwasikia washairi wenzangu wakidai kuwa vibonzo, hasa vya ujambazi na upelelezi, vinakiua Kiswahili, ninaisikia sauti yangu mwenyewe ya wakati ule, na sipendezwi nayo.

Disemba iliyopita, jamaa walipopanda mlimani kwa sikukuu, tulifungua sanduku la bati la marehemu baba mdogo, hapa Kibosho. Ujanani alifanya kazi Dar es Salaam. Chini ya koti lililoliwa na mende nilikuta nakala tatu za Film Tanzania. Nilikaa nazo barazani mpaka giza likaingia migombani.

Kwa wasiolijua, Film Tanzania lilikuwa gazeti la hadithi za picha za kamera: waigizaji hupigwa picha tukio baada ya tukio, na maneno yao huchapwa juu ya picha. Mhariri wake alikuwa Faraji Katalambula, yule yule wa Simu ya Kifo ya mwaka 1965. Yaani mwandishi ambaye riwaya yake tunaitaja kwa heshima katika historia ya fasihi yetu ndiye aliyeshughulikia karatasi tulizozichoma. Tumemgawa mtu mmoja nusu mbili, tukaisifu ya kwanza na kuitupa ya pili.

Najua jibu litakalokuja: ule ulikuwa uigaji wa Lance Spearman, mpelelezi wa kofia na sigara nene aliyeletwa na gazeti la African Film la kampuni ya Drum. Ni kweli, Spearman alitangulia. Lakini naye alimfuata James Bond, na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla anavuta kiko kwa namna inayotukumbusha Sherlock Holmes. Mbona Mzimu wa Watu wa Kale hatukuutia moto? Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728, unasimulia vita vilivyotoka katika visa vya Kiarabu, na damu inayomwagika humo inawazidi majambazi wote wa sanduku la baba mdogo. Kuazima kisa hakujawahi kuwa dhambi katika fasihi hii.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Mshairi wa tarbia anayo mizani 16 kwa mshororo, na tunamsifu kwa kubana. Mwandishi wa kibonzo anayo nafasi ndogo juu ya kichwa cha mtu, maneno kumi hivi, na katika maneno hayo askari lazima asikike askari, tapeli asikike tapeli, mama muuza maandazi asikike yeye na si mwalimu aliyejificha nyuma yake. Vina havimwokoi. Akizidisha neno, anaufunika uso wa mhusika. Je, wangapi kati yetu tungeuweza mtihani huo? Na walipotafuta jina la laghai katika Sani, gazeti ambalo jina lake limeungwa kwa Saidi na Nico, hawakwenda mbali: walimwita Ndumilakuwili. Hilo ni jina la nyoka na ni fumbo la maadili, lililookotwa ndani ya lugha na kutiwa suruali.

Ninyi mliozaliwa pwani mlikinyonya Kiswahili. Sisi wa huku tulizaliwa katika Kikibosho. Kiswahili cha darasani kilitufundisha ngeli, lakini hakikutufundisha jinsi mtu anavyotishia, anavyobembeleza, anavyodanganya bei. Hayo mtoto wa mlimani aliyapata katika karatasi zilizofichwa ndani ya daftari la hesabu. Nilipomnyang'anya, nilimnyang'anya sehemu ya lugha ambayo mimi mwenyewe sikuwa nayo ya kumpa.

Washairi wanaotaka kubishana nami, karibuni. Ila kwanza someni.

Moja ya zile nakala tatu limekatika kurasa za mwisho. Sijui kama mhalifu alikamatwa. Mwenye toleo zima aniambie, nitamfuata hata Tandahimba.