Mwaka Wako Una Mashahidi

Usiku wa tarehe 31 Desemba makanisa ya miji yetu, Dar es Salaam hadi Nairobi, hufurika watu kuliko Jumapili nyingi za mwaka. Watu hukesha, na kabla saa sita haijagonga hutolewa shuhuda. Huyu amepata kiwanja, yule amepandishwa cheo, mwingine alilazwa na sasa ni mzima, na hakosi wa kusema kwamba mwaka huu amekua kiroho. Waislamu nao, mwaka wao wa Hijria ukiingia kwa Muharram bila fataki wala kelele, huhimizwa mimbarini wajihesabu kabla hawajahesabiwa. Ni desturi njema. Sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu ni na shahidi. Hata shauri la mbuzi aliyekula mahindi ya jirani, likifika kwa wazee, mwenye mbuzi hapewi kazi ya kutoa ushahidi na kukata hukumu pia. Lakini katika shauri la roho zetu tunakubali mtu awe vyote viwili. Anayesema amekua ni yeye, kipimo amekichagua yeye, na matokeo anayatangaza yeye. Anataja siku alizofunga, mikesha aliyohudhuria, semina, juzuu alizosoma. Mkewe ameketi benchi la nyuma, kanyamaza. Msichana wao wa kazi hakuja, amebaki nyumbani na watoto. Wawili hao wanaujua mwaka wa mtu huyu kuliko mchungaji anavyoujua, na hakuna aliyewauliza.

Ninachodai ni hiki: ukuaji wa roho ambao hauonekani kwa wanaoishi nawe, bado haujatokea. Hisia zako zinaweza kuwa za kweli kabisa, machozi yako ya usiku ule yakawa ya kweli, na bado pakawa hapajabadilika kitu.

Wako watakaosema nadharau ibada. La hasha. Namsikiliza Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ambaye kitabu chake cha Ihya kinajulikana vyema kwa masheikh wa mwambao wetu. Yeye alimfananisha mtu na nafsi yake na mfanyabiashara aliyemkabidhi mshirika mtaji wake. Asubuhi unamwekea masharti, mchana unamchunga, jioni mnakaa kwenye hesabu, na akionekana amehini unamtia adabu. Kisha akafafanua daftari lenyewe: mtaji ni faradhi, faida ni sunna, hasara ni maasi. Hebu tazama jinsi wengi wetu tunavyolisoma daftari hilo kinyume. Tunasherehekea faida ya funga za Jumatatu na Alhamisi ilhali mtaji umeliwa, kwa maana haki za watu ni faradhi, na mshahara wa mfanyakazi ni haki ya mtu. Wala Ghazali hakungoja mwisho wa mwaka. Hesabu yake ilikuwa ya kila jioni, kwani mshirika mwenye hila akiachiwa miezi 12 atakuwa amekwisha kupanga maelezo yake.

Hata hivyo mtu anaweza kukaa na daftari kila jioni na bado asione. Benjamin Franklin wa Marekani, aliyefariki mwaka 1790, alisimulia mwenyewe jinsi alivyotaka kuwa mkamilifu. Aliandika orodha ya fadhila 12, akawa na kijitabu anachotia alama kila kosa la siku. Alikuwa mtu makini, na orodha yake haikuwa ya mzaha. Ila unyenyekevu haukuwamo! Ulikuja kuongezwa, ukawa wa 13, baada ya rafiki yake wa dhehebu la Quaker kumweleza kwamba watu humwona mwenye kiburi, akamtajia na mifano. Kijitabu kisingeweza kumwambia hilo, kwa kuwa mwenye kiburi ndiye aliyekuwa akishika kalamu.

Wahenga wetu hawakuiachia nafsi peke yake kazi ya kufunga mwaka. Nenda Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwezi wa Julai, ukaone Mwaka Kogwa. Wanaume wa pande mbili hupigana kwa mabua ya migomba, kinyongo cha mwaka kikatolewa hadharani. Kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake waliojipamba huimba, kisha watu hula pamoja. Wapo maulamaa wasioipenda mila hiyo, wakisema asili yake ni Uajemi na si dini, nami siwaombi wabadili fatwa yao. Nataka tu tuone busara iliyomo: mwaka unasafishwa na wote wawili, aliyekosa na aliyekosewa, wakiwa uwanja mmoja. Ndivyo ilivyo pia kwa anayekwenda Hija katika miji ya pwani. Kabla ya safari hupita nyumba kwa nyumba akiomba radhi, na madeni huyalipa, maana anajua Al-Kaaba haitamfutia deni la duka la jirani.

Bara nako tunao mfano, tena si wa zamani sana. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana Kampala na daktari Mwingereza, Joe Church, na katika miaka ya 1930 moto wa uamsho ukawaka Gahini, Rwanda, ukasambaa Uganda, Burundi, Bukoba na Kenya. Walokole, kama walivyoitwa, waliwashangaza majirani zao kwa jambo moja la mkononi: walirudisha vitu. Mtu aliyeiba alikirudisha alichoiba, aliyekuwa na deni alilipa, Mwafrika na mmisionari Mzungu wakaombana msamaha katika zama ambazo Mzungu hakuzoea kumwomba radhi Mwafrika. Jirani hakuhitaji mahubiri ili aamini. Kitu chake kilikuwa kimerudi mlangoni. Zakayo wa Yeriko alifanya vivyo hivyo, akaahidi kurudisha mara nne, ingawa shuhuda zetu za siku hizi humtaja zaidi kwa ufupi wake na mti aliopanda.

Walokole hao hao walilaumiwa pia, na lawama ilikuwa na haki yake. Kuungama hadharani kila kitu huweza kumwanika mtu mwingine ambaye hakuomba kuanikwa. Radhi huombwa kwa aliyekosewa, si kwa kipaza sauti.

Utaniuliza: je, watu wa nyumbani nao si binadamu, wenye chuki na upendeleo wao? Kweli kabisa. Mlevi huwa na marafiki wanaomsifu kuwa si mchoyo, na aliyeacha rushwa huonekana nyumbani kuwa amekuwa bahili. Zaidi ya hayo, mke anayemtegemea mumewe kwa kila kitu, ukimuuliza mbele ya watu, atamsifu tu. Kwa hiyo usikimbilie kuuliza. Tazama. Watoto wako, unapofungua mlango jioni, wanaendelea na mazungumzo au sebule inanyamaza? Unapokosea, yuko mtu mmoja hapo nyumbani anayethubutu kukwambia? Mwenye duka akikuona mbali, anafurahi au anafungua daftari? Hayo hayana upendeleo, wala hayakuambii maneno ya kukupendeza.

Tena yamo mambo yasiyohitaji tafakuri hata kidogo. Msichana wa kazi aliyeondoka mwezi wa Juni kwa ugomvi, mkamwambia mshahara wa mwezi wake wa mwisho atatumiwa, hadi leo hajatumiwa. Yuko kwao kijijini, hana wa kumsemea, na hakuna mahakama anayoweza kuifikia kwa nauli aliyo nayo. Namba yake ya simu bado mnayo. Mtumieni pesa yake kabla ya mkesha, pamoja na ada ya kutolea, na mkishatuma mpigieni. Akitaka kusema la moyoni kuhusu mwaka alioishi kwenu, mwacheni aseme mpaka amalize.