Darajani Karao Anakagua Kipande Chako, Lakini Simu Yako Inapitisha Cheti Kilichofutwa

Kama umewahi kupanda basi Garissa kwenda Nairobi, unajua stori ya daraja la Tana. Basi inasimama, wasee wanashuka, karao anataka kipande. Huna? Safari imeishia hapo. Sasa cheki hii: simu yako hukutana na kizuizi kama hicho kila ukifungua eCitizen, HELB ama benki. Tofauti ni kwamba karao wa simu ni mpole sana, na hiyo ni noma.

Kila tovuti yenye ka-kufuli iko na cheti, yaani kipande chake cha mtandaoni. Brauza inacheki jina, sahihi na tarehe. Mpaka hapo fiti. Lakini mtu akiiba ufunguo wa siri wa tovuti, anaweza kujifanya ndiye hiyo tovuti. Ikijulikana, kampuni iliyotoa cheti inakifuta. Shida ni kuwa tarehe kwenye cheti haibadiliki. Kwa macho kinakaa poa tu. Lazima brauza iulize waliokitoa: bado kiko sawa?

Hapo ndio shimo liko. Jibu lisipokuja, brauza nyingi kwa miaka zilikuwa zinasema sawa, pita. Sababu ni kwamba seva ya majibu ikilala, tovuti kibao zingefungika. Lakini mwizi mwenye WiFi ya bure uliyojiunga nayo anaweza kuzuia hilo swali lisifike. Jibu halijakuja, unaingia, unaandika pasiwadi. Mwaka 2012 Adam Langley wa Google alisema ukaguzi wa hivyo ni kama mshipi wa gari unaokatika siku ya ajali.

Na si nadharia. Mwaka 2011 wadukuzi waliingia DigiNotar, kampuni ya vyeti Uholanzi, wakatoa zaidi ya vyeti feki 500. Kimoja cha jina la Google kilitumika kuchungulia watu kama 300,000, wengi wao Iran. Brauza zikalazimika kuapdetiwa ili zikatae kampuni yote, na mwezi wa Septemba ikafilisika.

Sasa leta hiyo maneno North Eastern. Huku Al-Shabaab wameshalipua minara ya simu mara kadhaa, na netiweki kupotea ni kawaida. Kwa simu ambayo kukosa jibu ni ruhusa, netiweki mbovu na mwizi wanakaa sawa.

Kinachouma ni kwamba sisi tunajua pia upande wa pili wa orodha mbovu. Maelfu ya Wakenya wa Garissa, Wajir na Mandera waliandikishwa kama wakimbizi Dadaab, wengi wakiwa watoto, ili familia zipate chakula na matibabu. Wakifika miaka 18 na kuomba kipande, alama za vidole zinasoma mkimbizi. Kipande hakuna, laini ya simu shida, kazi shida. Februari 2025 Rais Ruto alisaini kule Wajir kuondoa msasa wa ziada wa kupata kitambulisho. Poa, lakini kuondoa msasa si sawa na kusafisha database.

Ona basi: mashine ikiwa na shaka inapitisha, serikali ikiwa na shaka inazuia. Ugonjwa ni mmoja: orodha haisemi ukweli wa leo, na wewe ndio unalipa. Mfumo wa maana unahitaji vitu viwili, orodha inayofika kwa wakati na mlango wa kusahihisha makosa haraka.

Mtandaoni kuna mwendo. Firefox sasa inashusha orodha ya vyeti vilivyofutwa mapema, haingoji kuuliza. Maisha ya cheti pia yanakatwa: kutoka siku 398 hadi 200 kuanzia Machi 2026, kisha 47 mwaka 2029. Kilichoibwa kitaoza chenyewe.

Lakini orodha hiyo inakuja kwa brauza iliyoapdetiwa. Kwa hivyo:

- Apdeti brauza, hata kama data ni ya kuhesabu.
- Mambo ya pesa na eCitizen, tumia data yako, si WiFi ya bure.
- Weka tarehe ya simu ijirekebishe yenyewe. Ikirudi nyuma, cheti kilichoisha kinaonekana kizima.
- Brauza ikikuonya, usibonyeze endelea.

Karao wa darajani huwezi kumbadilisha leo. Huyu wa mfukoni unaweza, so anza na yeye.