Geti la Hoteli Linalinda Pochi ya Nani?

Juzi wakala mmoja wa safari alikaribishwa redioni kuwapa ushauri maharusi wanaotaka kwenda fungate Jamaika. Mtangazaji akamuuliza hali ya usalama ikoje. Bwana yule hakusita: shukeni Montego Bay, pandeni basi la hoteli, ingieni getini, na msitoke mpaka siku ya kurudi. Eti huko nje ni bunduki tu. Mtangazaji akamshukuru kwa “ushauri wa kitaalamu”, na mimi chai ikanipalia.

Ushauri huu nimeusikia mpaka umenichosha. Wengi wanaoutoa hawajakanyaga kisiwa hicho, na waliokanyaga walichoona ni bwawa la kuogelea na baa. Swali ambalo hawajiulizi ni hili: mgeni akijifungia, nani anakula? Chumba, chakula na vinywaji ameshavilipia kabla hajapanda ndege. Akitaka kuona maporomoko ya Dunn's River, na barabara ameshatishwa nayo, atakwenda kwenye dawati la hoteli. Hapo atauziwa gari la hoteli na dereva wa hoteli, na njiani atashushwa kwenye duka la vinyago alilochaguliwa. Hofu yake ni biashara ya watu. Mama anayeuza maembe nje ya ukuta haambulii hata senti.

Na huko nje kuna nini hasa? Kuna Probox. Ndiyo, Toyota Probox ileile inayobeba watu na magunia kule Kisii. Jamaika ndiyo teksi ya ruti: ina namba nyekundu zinazoanza na PP, inafuata njia yake maalumu, na abiria wanne wanabanana nyuma kama kwetu. Usukani uko kulia, gari linashika kushoto, dereva anapita kwenye kona kwa honi na imani. Ukiingia, salimia kwanza. Wajamaika hawampendi mtu anayejitosa garini kimya kama mzigo. Gari lisilo na namba nyekundu usipande, na pesa ndogondogo ziwe dola za Jamaika, maana ukitoa dola ya Marekani chenji utarudishiwa kwa hesabu ya dereva. Ushauri wa barabarani hauzidi hapo. Mkaazi wa Nairobi au Dar es Salaam hahitaji semina.

Kwa Probox kama hizo nilifika Boston Bay, upande wa Portland, ambako kila Mjamaika atakwambia ndiko nyama ya jerk ilikotokea. Kuku wamelazwa juu ya fito za mti wa pimento, moshi unakutoa machozi, mpishi anacharanga kwa panga juu ya gogo bila kuangalia vidole vyake. Pembeni kuna shelisheli lililochomwa majivuni, ganda jeusi tititi na ndani jeupe laini. Mtu wa Pwani akilionja atauliza bibi yake alipita huku lini. Sasa niambieni, mtu anasafiri nusu ya dunia kisha anakula soseji za bafe?

Mauaji yapo, sikatai. Mwaka 2024 yalizidi 1,000 katika nchi ya watu wasiofika milioni tatu, na mwaka 2025 yakashuka chini ya 700. Mengi ni ya magenge, katika mitaa ambayo wenyeji wenyewe watakutajia kabla hujauliza. Na hao Wamarekani wanaonukuliwa kila siku, katika tahadhari yao ya usafiri ya mwaka 2024, waliandika kwamba mashambulizi ya kingono hutokea mara nyingi, hata ndani ya hoteli hizo za kulipia kila kitu. Ndani ya geti! Sentensi hiyo wakala wetu aliiruka.

Msikilizaji mmoja alipiga simu kumuunga mkono: “Hamuoni yanayotokea Haiti?” Jamani! Haiti ni nchi nyingine, kuna bahari katikati. Hao polisi wetu wa Kenya waliokwenda Port-au-Prince mwaka 2024 walifuatwa na wanajeshi wa Jamaika waliokwenda kusaidia. Kwa hesabu ya bwana huyu, vita vya Somalia vitoshe kumzuia mtu kwenda Arusha.

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba sisi ndio tungepaswa kuelewa. Mwaka 2014 Uingereza ilitoa tahadhari, kampuni za utalii zikawabeba wageni wao kutoka Mombasa kabla siku zao hazijaisha, na wapishi na madobi wakarudi nyumbani mikono mitupu. Tulilia, tukasema tumeonewa. Leo tunapewa kipaza sauti tunawafanyia Wajamaika yaleyale, tena kwa sauti ya kitaalamu.

Hilo geti lenyewe lina mambo. Kwa sheria ya fukwe ya mwaka 1956, Mjamaika wa kawaida hana haki ya jumla ya kuingia baharini kuogelea. Wapo wanaharakati wanaopambana mahakamani kwa sababu ukuta wa hoteli umewaziba njia ambazo babu zao walipita na ndoano. Watu wa Pwani yetu, ambao vichochoro vya kwenda ufukweni vimemezwa na majumba, nao wanaijua hadithi hiyo. Halafu tunaambiwa ukuta ni kwa ajili ya usalama wa mgeni.

Tuache hayo. Kuna mambo ambayo maharusi wale walistahili kuambiwa na hawakuambiwa. Mkenya haombi viza ya Jamaika, lakini akiunganisha ndege Miami lazima awe na viza ya Marekani, hata kama hatoki uwanjani, na miadi ya ubalozini haipatikani kwa wiki moja. Anahitaji cheti cha homa ya manjano. Na msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba: kimbunga Melissa kilitua magharibi ya kisiwa tarehe 28 Oktoba 2025 kikiwa na nguvu za daraja la tano, la juu kabisa. Wakala alikuwa anauza vifurushi vya Oktoba, kwa bei ya punguzo.