Video za Maabara Zinenazo Kiswahili

Si ajabu kumwona mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kemia akipoteza muda mwingi wa jaribio kuuliza kifaa kipi hushikwa vipi. Kwa sababu hii, video fupi za dakika tano hivi, zinazotazamwa kabla ya kuingia maabarani, zastahili kuungwa mkono. Mwongozo wa maandishi hueleza tu, ilhali video huuonyesha mkono ukitenda.

Tuchukue mfano wa bureti. Kipimo chake husomwa kwenye sehemu ya chini ya uso wa kimiminika uliopinda, jicho likiwa katika usawa huo huo. Jicho likipanda au kushuka, kipimo hupotoka. Aidha, katika kuzimua asidi kali ya salfuriki, asidi ndiyo humiminwa polepole ndani ya maji, wala si maji ndani ya asidi. Joto linalozuka laweza kuyachemsha maji ghafla na kumrushia mtu asidi usoni. Onyo la namna hii halifai kueleweka nusunusu.

Hapa ndipo Kiswahili kinapohitajika. Katiba ya mwaka wa 2010 ilikifanya kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Kwa nini basi kiishie kwenye mlango wa maabara? Wapo watakaodai kuwa istilahi hazipo. Dai hilo halina mashiko, kwani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka wa 1990. Wengine watasema kuwa mtihani huandikwa kwa Kiingereza. Naam, majina ya vifaa na yaandikwe kwenye video kwa lugha zote mbili, ila maelezo ya utendaji yatolewe kwa Kiswahili.

Video haiwezi kuchukua nafasi ya jaribio lenyewe, kama vile kuogelea kusivyofunzwa nchi kavu. Kazi yake ni kumwandaa mwanafunzi. Kazi yetu, wanafunzi wa Kiswahili, ni kuketi na wahadhiri wa kemia na mafundi wa maabara ili tuandike maelezo hayo. Tuanze na bureti.

Wahenga walinena kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Maabarani, hata mwenye macho sharti aambiwe atazame nini, tena kwa lugha anayoielewa barabara.