Jiwe Nyuma ya Tairi

Binamu yangu anaishi Isamilo, kwenye kinjia ambacho hata mbuzi hukipanda kwa kufikiri. Kila jioni akifika nyumbani anazima Corolla yake, anaiacha kwenye gia, halafu anashuka kutafuta jiwe. Ni jiwe la kijivu, kubwa kama sufuria ya ugali wa watu wanne, na linakaa pembeni ya ukuta. Analisukuma kwa mguu hadi chini ya tairi la nyuma, analigonga kwa kisigino, ndipo anaingia ndani.

Wageni hucheka. Rock City bwana, mawe tunayo. Nami nilicheka, hadi siku nilipomuuliza kwa nini gari yenye diski mpya nyuma inalindwa na jiwe. Akaniambia gari haina tena hendibreki.

Corolla yenyewe ni AE100, ya miaka ya 1990, mtumba wa Japani. Ilikuja na diski mbele na dramu nyuma, kama zilivyo gari ndogo nyingi za enzi hizo. Kaka akatoa dramu, akafunga diski. Kalipa alizopata zilitoka miguu ya mbele ya gari nyingine, nazo hazina pa kushika waya wa hendibreki. Fundi akaukunja ule waya, akaufungia juu ya ekseli, akasema, "Bosi, na breki hizi hendibreki ya nini tena?" Alikuwa anamwambia hivyo mtu wa Isamilo.

Naomba niseme wazi, na wenye rimu zao wanisamehe: kwa gari nyingi za zamani tunazoendesha Mwanza, kubadili dramu za nyuma kuwa diski ni kutupa pesa, na mara nyingine ni kununua breki mbovu zaidi ya ulizokuwa nazo.

Simama ndani ya daladala siku dereva akikanyaga breki ghafla pale Buzuruga. Abiria wote mnakwenda mbele. Uzito wa gari nao unakwenda mbele vilevile, matairi ya nyuma yanabaki mepesi. Ndiyo maana breki za mbele hufanya sehemu kubwa ya kazi, na za nyuma hubaki na theluthi hivi au pungufu. Ukifunga nyuma breki kali kuliko uzito uliobaki pale, matairi yanaganda kabla ya yale ya mbele, na gari inageuka mkia mbele. Mvua ikiwa imenyesha kwenye mteremko wa Bugando, hutapata muda wa kusahihisha.

Kuna na upande wa pili. Ndani ya dramu, breki shuu ya mbele ikigusa, mzunguko wenyewe wa dramu unaivuta izidi kukaza. Diski haina msaada huo, inahitaji presha kubwa zaidi. Pia pistoni ya kalipa humeza mafuta mengi kuliko kile kisilinda kidogo cha kwenye dramu. Kwa hiyo ukifunga diski ukaacha masta silinda ileile na vali ileile ya kugawa presha, pedali inaweza kushuka chini zaidi na nyuma ikashika kidogo zaidi. Umelipa fundi, umelipa spea, na gari inasimama mbali kuliko jana. Mtengenezaji alivipima vitu hivi kwa pamoja. Sisi tunang'oa kimoja, tunaviacha vingine vishangae.

Najua jibu lenu. Diski hupoa haraka, hujikausha haraka ukipita kwenye maji, na pedi hubadilishwa upesi. Kweli tupu. Mtu anayeshuka milima na mzigo kila siku, au anayekimbiza gari mashindanoni, ana sababu. Lakini anayetoka Nyegezi kwenda mjini, akisimama kila mita mia kupisha bodaboda, hajawahi kuzichemsha dramu zake. Na kama hoja ni usasa, Volkswagen imefunga dramu nyuma kwenye ID.3, gari ya umeme iliyoanza kuuzwa 2020. Gari ya umeme hupunguza mwendo kwa mota yake, hivyo breki za nyuma hutumika kidogo, na diski isiyotumika hushika kutu. Dramu imejifunika. Wajerumani hawakuona aibu.

Basi kwa nini tunabadili? Kaka alisema pedali ilikuwa inakwenda chini. Sawa, lakini nilipomuuliza mara ya mwisho alibadili lini mafuta ya breki, alinitazama kama nimemuuliza mahari ya bibi yetu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. DOT 3 ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi 205. Ikishalewa maji hiyo alama inashuka hadi kama 140. Na ndani ya dramu kuna kirekebishi kinachosogeza breki shuu kadiri zinavyolika. Kwenye Toyota nyingi ndogo za miaka ile, hicho hufanya kazi unapovuta hendibreki. Sisi hatuivuti, tunaogopa waya utaganda. Kirekebishi kinalala, kutu inakishika, pedali inashuka, tunasema dramu ni za kizamani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu ukuta wetu tunaujenga kwa spea za mtumba.

Ukweli ni kwamba breki shuu mpya, mafuta mapya na upepo uliotolewa vizuri havionekani kwenye picha. Diski inaonekana katikati ya rimu.

Hadi hapo ningeliacha liwe suala la kifamilia. Lakini mkono uleule unaogusa Corolla ya kaka unagusa Hiace tunazopanda. Hiace nyingi zina vali karibu na ekseli ya nyuma, imeunganishwa kwa kijiti cha chuma. Gari ikibeba mzigo, bodi inashuka, kijiti kinasogea, vali inaruhusu breki za nyuma zishike zaidi. Mwenye gari anaongeza springi ili ibebe watu wengi. Bodi haishuki tena. Vali inaamini gari ni tupu, wakati ndani tumebanana hadi mlangoni, na breki za nyuma zinapewa presha ya gari tupu. Kwenye sehemu hiyo, diski unazofunga zitalishwa na vali iliyodanganywa.

Sisi wa ziwa hili hatuna haki ya kutojua hesabu ya uzito. MV Bukoba ilizama 21 Mei 1996 ikiwa imejaza kupita kiasi, karibu kabisa na Mwanza. MV Nyerere ikapinduka Ukara Septemba 2018, nayo imejaza.

Ukitaka kufunga diski, mwambie fundi akujibu manne kabla hujatoa hela: masta silinda itatosha? Vali ya presha itafanywaje? Hendibreki itafungwa wapi? Na tutaijaribia wapi, kwenye uwanja mtupu, kabla sijapakia mtu? Akicheka, ondoka.

Mwezi wa tatu, mtoto wa kaka, ana miaka sita, alilitoa lile jiwe akajengee jiko la kitoto. Tulimkuta amechuchumaa nyuma ya gari, anapika mchanga. Gia ilishika. Kaka alimbeba, akarudisha jiwe, akakaa juu yake bila kusema neno. Asubuhi alikwenda gereji kuulizia dramu zake. Fundi alikuwa ameshaziuza chuma chakavu.