Kuka Alipigana Burma, Wewe Ulipigana Wapi?

Niseme, halafu mnitusi vile mnataka: kijana ambaye hajawahi kulala kambini hata usiku mmoja hafai kuvaa koti la kijeshi ati anaheshimu babu.

Naandika nikiwa hapa Kakamega, wiki tatu kabla ya harusi ya dadangu. Familia imeamua tutoke kijeshi. Sababu ni kuka, baba ya babu yangu, aliyeenda na KAR hadi Burma mwaka wa 1944, wale askari wa Afrika Mashariki waliopita bonde la Kabaw kwenye mvua na matope. Tena anko wetu amestaafu KDF. Basi binamu zangu wamemwagiza fundi awashonee makoti ya madoadoa ya jeshi, vifungo vya shaba, na medali za kuka zigawanywe, kila mtu ya kwake kifuani. Kama mandazi!

Wasee, hayo madoadoa ni kesi. Sheria ya Kenya hairuhusu raia kuvaa sare ya jeshi, na sitaki msafara wa harusi uishie kituo cha polisi. Hapo sitakaa sana.

Kinachoniuma ni kingine. Vita vilipoisha, Waingereza walilipa kiinua mgongo kwa cheo, kwa muda, na kwa rangi ya ngozi. Mzungu aliyeandikwa kutoka makoloni haya haya, cheo kile kile, alipata hadi mara tatu ya Mwafrika. Hiyo sare mnayoililia, waliomvisha ndio waliompunja. Picha pekee ya kuka tuliyo nayo, amevaa suti ya kijivu, shati limefungwa mpaka shingoni, mkono uko begani mwa mkewe. Alichagua mwenyewe vile anataka kuonekana. Nyinyi ni kina nani mumvue?

Mimi nimenunua suti ya kijivu, mitumba, bob 1,200. Fundi ameipunguza kiuno kwa 400. Tai ni ya bluu nzito na mstari mwekundu, kwa sababu utepe wa Nyota ya Burma una bluu, nyekundu na rangi ya chungwa. Anayejua atajua. Na medali zikae pamoja, avae mtu mmoja, kifua cha kulia. Kushoto ni kwa aliyezipata mwenyewe. Ndiyo desturi ya Mwingereza. Huyo mmoja awe babu, kwa sababu ndiye aliyemzika.

Binamu amenijibu ati mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili asimfundishe heshima. Sawa, niliacha, karo iliisha. Lakini nilimuuliza anko, mwenye alivaa hizo nguo kazini miaka yote, yeye atavaa nini. Akasema suti nyeusi. Halafu akauliza kama kwa nyumba kuna kiwi.